Kabla ya kuvaa mkanda, pima mpaka kwenye jabali

Nimepaua nyumba za Mwanza kwa miaka kumi na sita, nyingi zikiwa kwenye vilima vya Isamilo na Bugando. Aliyejenga huku anajua: mlango wa mbele uko usawa wa barabara, lakini ukizunguka nyuma unakuta kimo cha ghorofa mbili, na chini yake jabali. Fundi anapanda kwa upande mfupi, anazoea, anausahau ule mrefu.

Siku moja mwenzangu aliteleza kwenye ukingo wa paa. Alikuwa amevaa mkanda wa usalama wa mwili mzima, ule wa kumshika mtu akianguka, mpya, na kamba yake ameifunga kwenye kenchi, fremu ya mbao ya paa, usawa wa miguu yake. Mkanda ulimshika, ila miguu ilishatangulia kufika kwenye slabu ya veranda. Akavunjika kisigino. Pale saiti wakasema kifaa ni kibovu. Hakikuwa kibovu. Msimamizi siku ile nilikuwa mimi, na sikupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kamba nyingi zina mita 1.8. Kile kifurushi cha kufyonza mshtuko kilicho kwenye kamba kikifumuka kinaongeza kama mita 1.2, soma lebo, kwa sababu vingine hufumuka zaidi. Kutoka pete ya mkanda ya mgongoni, kamba inaposhikizwa, hadi nyayo ni kama mita 1.5. Weka mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 5.5, zikipimwa kuanzia pale ulipofunga kamba. Sisi tulikuwa na mita 4. Na huku kwenye miamba usipime mpaka chini kwenye udongo, pima mpaka kwenye kitu cha kwanza utakachokigonga: jabali, ukuta wa jirani, tangi la maji.

Ukifunga kamba usawa wa nyayo, unaanguka mita 3.3 kabla haijakaza. Ukiifunga juu ya kichwa, unaanguka kidogo sana. Kwa hiyo mahali pa kufungia paamuliwe wakati wa kuchora ramani ya kazi, paa likiwa bado halijapanda. Kanuni za Marekani zinataka pahimili takriban kilo 2,270 kwa kila mtu. Mlunda wa jukwaa haufiki huko, wala bomba la maji, wala kenchi iliyosimamishwa asubuhi hiyo kwa misumari miwili. Mimi sasa naomba nondo nene ya kitanzi izamishwe kwenye zege la bimu, na mhandisi aithibitishe. Kitanzi kiwe juu yako moja kwa moja. Kikiwa pembeni, utabembea na kujipigiza ukutani, na kamba itasuguana na makali ya bati.

Lakini mkanda uwe wa mwisho kufikiriwa. Kenchi tunaziunga chini kadiri inavyowezekana, na ukingoni tunaweka reli ya kuzuia mtu kabla ya bati la kwanza kupanda. Bati tunazipandisha alfajiri. Mchana upepo wa ziwani ukishaanza, bati mkononi linageuka tanga, na hakuna fundi mwenye nguvu za kushindana na tanga akiwa juu ya mbao.

Swali ambalo saiti nyingi haliulizwi: akining'inia, nani anamshusha? Mtu aliyening'inia bila kujongea, damu inakwama miguuni, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Zimamoto wapigieni 114, lakini barabara za vilimani mnazijua zilivyo. Ngazi ndefu iwe imeshalazwa pale chini, na watu wawili wawe wamefanya zoezi la kumshusha mwenzao. Tunalifanya kila tunapoanza paa jipya, hata tajiri akinung'unika kwamba tunapoteza asubuhi.

Vijana mnaoanza, msikubali kukatwa mshahara kwa ajili ya mkanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa gharama yake. Mkikabidhiwa, kagueni nyuzi: zilizopauka kwa jua, zilizogandiana kwa saruji, mshono uliofumuka, urudisheni mkanda huo.

Na mkanda ulioshika mtu hautumiki tena, hata ukionekana mzima. Ule wa mwenzangu niliukata vipande vipande jioni ileile, kwa sababu kijana mmoja alikuwa tayari ameuulizia autumie kesho yake.