Maswali ya wavuvi: Vijiko vidogo vya kuvulia kwenye barafu

SWALI: Shikamoo anko. Mdogo wangu yuko Minnesota, Marekani, mwezi wa kwanza naenda kumtembelea na keshaniambia nijiandae, tutaenda kuvua juu ya ziwa lililoganda. Kanitumia picha ya boksi lake limejaa vijiko vidogo vya chuma vinang'aa vina ndoano mkiani, vingi havizidi ukucha wa kidole gumba. Mi nimezoea mshipi, chubwi na kipande cha ngisi, sasa hivi vijiko vinavua vipi na kwa nini vidogo hivyo? Nisije nikaonekana mshamba mbele ya shemeji zangu. — Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Kwanza ujue mnaenda kuvua samaki gani maana ndo kila kitu kinaanzia hapo. Kule kuna samaki wadogo wa maziwa wanaovuliwa kwa ajili ya kikaango, wanaojulikana zaidi ni bluegill, crappie na yellow perch. Bluegill ukimwona utamfananisha na perege kwa ule ubavu mpana, wengi wanaenea kiganjani, na mdomo wake ni mdogo sana yaani ukimpelekea ndoano ya kuvulia changu hata haingii. Hiyo ndo sababu ya kwanza ya udogo wa vijiko. Sababu ya pili ni baridi. Samaki mwili wake unafuata joto la maji, maji yakiwa karibu na kuganda anatumia nguvu kidogo, anakula kidogo na hakimbizi kitu, anasubiri kimfikie. Kitu kikubwa kinachorukaruka kinamfukuza badala ya kumvuta.

Kwa hiyo vijiko vya samaki hawa ni vya aunsi moja ya thelathini na mbili, ambayo haifiki hata gramu 1, au moja ya kumi na sita ambayo ni kama gramu 1.8, na kikubwa ni moja ya nane, gramu 3.5, hicho ni cha perch au cha maji ya kina. Majina utakayoyasikia dukani ni kama Swedish Pimple, ambacho jina lisikudanganye kinatengenezwa Michigan, na Kastmaster. Na si kitu cha juzi, Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya kijiko cha kuvulia mwaka 1852, inasimuliwa kwamba alidondosha kijiko chake cha kulia ziwani akaona samaki anakirukia, ya kweli au la hiyo hadithi wanaipenda sana.

Sasa namna ya kukichezesha, hapa nisome taratibu. Unakishusha kwenye tundu mlilotoboa kwenye barafu mpaka kiguse chini, unapandisha nusu mita hivi. Unainua ncha ya fimbo kama sentimita 15 au 20, unaiachia irudi chini lakini mshipi usikaze na usilegee kabisa, uachie kiasi tu kijiko kishuke chenyewe kwa kuyumba huku na huku kama jani la mwembe linalodondoka. Ule mng'ao wakati kinayumba ndo unaomwita samaki kutoka mbali. Afu unatulia. Unatulia kabisa, sekunde tano, kumi, hata zaidi, halafu unatikisa kidogo sana, ncha ya fimbo itetemeke tu, unatulia tena. Mgeni wa huu uvuvi anakosea hapa, anapandisha na kushusha bila kupumzika, mwisho wa siku anasema ziwa halina samaki. Kijiko kinapocheza kinaita, lakini kula samaki anakula kikiwa kimesimama au kinatetemeka kidogo, na mi naamini kabisa kwamba anayejua kutulia na kijiko kimoja anamshinda mwenye boksi zima.

Na bila chambo? Inawezekana, ila wengi wanaweka kitu kwenye ndoano, mara nyingi mabuu wa nondo wa nta, wale wale wanaoharibu masega ya nyuki, wafugaji wa nyuki wa Tabora wanawajua vizuri. Kwa perch wanapenda kichwa cha samaki mdogo. Harufu na ladha vinamfanya asikiteme haraka. Usijaze ndoano, mmoja au wawili wanatosha, ukijaza kijiko hakiyumbi tena.

Mshipi uwe mwembamba, wa nguvu ya ratili 2 mpaka 4, yaani kilo 1 mpaka 2 hivi, na fimbo fupi ya sentimita 60 mpaka 90 maana unakaa juu ya tundu lenyewe, hakuna kurusha. Mwambie mdogo wako akukatie leseni kabla hamjatoka, kwa mtu mzima ni lazima, na idadi ya kuchukua ina kikomo, Minnesota kwa kawaida ni crappie 10 na jamii ya bluegill 20 kwa siku, maziwa mengine kikomo ni kidogo zaidi kwa hiyo muulize kuhusu ziwa lenyewe mnaloenda.

SWALI: Mi ni mama wa Mbagala, kijana wangu anasoma huko kwenye baridi na kila wikiendi anatuma picha yuko katikati ya ziwa amekalia ndoo. Silali. Hiyo barafu haipasuki? Na hao samaki chini wanaishi vipi, mbona wasigande? — Mama, Mbagala

JIBU: Shikamoo mama. Hofu yako ina msingi, kila mwaka kuna watu wanazama kule, tena mwanzoni mwa msimu na mwishoni. Mamlaka ya maliasili ya Minnesota inasema mtu anayetembea kwa miguu anahitaji barafu safi, ngumu, ya unene usiopungua inchi 4, kama sentimita 10. Safi maana yake ile inayoonekana nyeusi au ya bluu, ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni kama nusu kwa hiyo inatakiwa iwe nene mara mbili. Na unene haulingani ziwa zima, penye mkondo, penye chemchemi, karibu na mito inapoingia, barafu ni nyembamba hata kama hatua chache nyuma ilikuwa nene. Muulize kijana wako maswali haya manne mama: anapima kwa kutoboa kila anaposogea? Anaenda na mwenzake? Ana zile spaiki mbili za kuvaa shingoni za kujivutia juu akitumbukia? Anavaa jaketi la kuelea? Akijibu ndiyo kwa yote yuko vizuri kuliko wengi. Akisitasita mwambie asiende mpaka avinunue, vyenyewe si vya bei kubwa.

Kuhusu samaki, maji yana tabia ya peke yake, yanakuwa mazito kabisa yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi yanapanda juu na ndo yanaganda. Kwa hiyo barafu inafunika juu, na kule chini kabisa maji yanabaki karibu na nyuzi 4. Samaki wako humo wazima, wamepoa tu.

SWALI: Kaka mambo vipi, mi mtoto wa Sinza niko masomoni Madison, Wisconsin. Rafiki yangu ana sona, kile kifaa cha kuonyesha samaki walioko chini ya maji, kwa hiyo tunawaona kabisa samaki wanapanda mpaka kwenye kijiko, wanasimama, wanaangalia, wanaondoka. Inaumiza sana. Tunakosea wapi? — Mwanafunzi

JIBU: Poa mdogo wangu. Huko Madison uko pazuri, Mendota ni ziwa la perch na watu wanatoka mbali kulifuata. Na kama mnawaona wanapanda basi kazi kubwa imeshafanyika, kijiko kimeita wameitika, kinachokataliwa ni kitu kidogo cha mwisho.

Mi ningeanza na mshipi kujisokota. Kijiko kikizunguka kinausokota mshipi, na ukitulia mshipi unajifungua, kijiko nacho kinazunguka polepole bila kusimama. Bluegill anakuja mpaka sentimita chache, anaangalia, na kitu kinachozunguka chenyewe hivyo hakitaki kabisa. Weka swivo ndogo, kile kiungio kinachozunguka ili mshipi usijisokote, kama nusu mita juu ya kijiko. Hiyo peke yake inabadilisha siku.

Pili angalia ndoano. Vijiko vingi vinakuja na ndoano ya pembe tatu, kwa perch sawa, kwa bluegill mwenye mdomo mdogo ni kubwa. Itoe, weka ndoano ndogo ya pembe moja, au fanya kama wavuvi wengi wa kule wanavyofanya, unaning'iniza kicheni kifupi cha sentimita 2 au 3 chini ya kijiko halafu ndoano moja na buu mmoja. Kijiko kinaita, chakula kinaning'inia pembeni yake kimetulia. Kwa samaki waliogoma mi hii ndo nayoiamini kuliko zote.

Halafu mkono wako. Samaki akipanda usiendelee na ule mchezo wa kuita, punguza, tetemesha tu, na anza kupandisha kijiko juu taratibu sana, kidogo kidogo. Akikifuata juu huyo mara nyingi anakula, asipokifuata mwachie, usimshushie kijiko kichwani. Na crappie hasa usimpelekee kijiko chini yake, macho yake yamekaa ya kuangalia juu na anakula kwa kupanda, kijiko kikiwa chini yake ni kama hakipo. Yeye pia anaelea katikati ya maji, si lazima awe chini, na anapenda zaidi jua linapozama na giza linapoanza kwa hiyo msikimbilie kurudi nyumbani. Ukiona mshipi umelegea ghafla, vuta, maana amekula akiwa anapanda na amekibeba kijiko juu, hutasikia mguso wowote mkononi.

Perch ni mwingine kabisa, yeye gonga kijiko kwenye tope mara kadhaa, tope likitimka anakuja kuangalia, kipandishe kidogo utulie.

Na mkiona nusu saa imepita hakuna kitu, hameni. Toboeni tundu jingine. Watu wanakaa kwenye tundu moja kwa sababu wameshajenga kibanda na wamewasha hita, ila samaki hawajui kama umewasha hita.

SWALI: Rangi gani nzuri? — Msomaji, Ilala

JIBU: Maji maangavu anza na fedha, maji yenye rangi ya chai anza na dhahabu au shaba. Nyekundu inapotea mapema ukienda kina kwa sababu mwanga wake unamezwa na maji kwanza. Jioni na usiku zile za kung'aa gizani, unazimulika kwa tochi kwanza ndo zinashika mwanga. Zaidi ya hapo usijisumbue sana, ukubwa na kutulia vina uzito kuliko rangi.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa siku nyingi hapa Kunduchi. Mjukuu kaniletea hivyo vijiko vya barafu kama zawadi. Je, vitafanya kazi huku kwetu au niviweke kabatini? — Mzee wa Kunduchi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usiviweke kabatini, ila navyo vinahitaji kusaidiwa. Kijiko cha gramu 2 kwenye bahari yetu hakifiki chini, mkondo unakibeba. Ziwa lililoganda halina bamvua, sisi tunayo. Kwa hiyo subiri maji mafu, siku ambazo mkondo hauna nguvu, na ule muda maji yanaposimama kabla ya kugeuka, funga chubwi yako juu halafu kijiko kining'inie chini yake kwa kamba ya nusu mita hivi, weka kakipande kembamba ka ngisi kwenye ndoano. Vibua watakula, kolekole wadogo watakula, na changu naye ukikichezesha karibu na mwamba taratibu kama nilivyomweleza msomaji wa Tabata. Unajua kuchezesha mshipi kuliko mimi mzee, hapo sina la kukufundisha.

La kuangalia ni ndoano zake, zimetengenezwa kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi itazila haraka sana. Badilisha uweke za bahari, na kila ukirudi suuza kijiko kwa maji ya bomba ukikaushe. Kama mjukuu anarudi tena mwambie alete vya gramu 10 mpaka 20, hivyo vitashuka vyenyewe bila chubwi na vitayumba vizuri zaidi.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo mzee unajua, ni maeneo tengefu pamoja na Pangavini na Fungu Yasini tangu 1975, kuvua hata kwa kijiko kidogo hairuhusiwi, kwa hiyo tafuta mwamba nje ya hapo. Na kama unafikiria kumpelekea perege wa kwenye bwawa, huyo sehemu kubwa ya chakula chake ni mimea midogo ya majini, kijiko hakimshughulishi sana, mpe mnyoo au donge la ugali.