Kupima kalsiamu ndani ya nyuroni: usidanganywe na kilele

Nyuroni iliyotulia huwa na kalsiamu huru ya nanomola 50 hadi 100 tu, ilhali nje ya utando wake ipo milimola 1 hadi 2. Tofauti hiyo ni mara elfu kumi au zaidi. Ndiyo inayoifanya kalsiamu kuwa mjumbe mwepesi, na ndiyo inayoua seli udhibiti ukilegea, kama inavyoshukiwa katika magonjwa ya Alzheimer, Parkinson na Huntington. Kwa nyuroni zilizooteshwa maabara, anza na Fura-2, rangi ambayo mng'ao wake hubadilika inaposhika kalsiamu, lakini usiishie hapo.

Tengeneza akiba ya Fura-2 AM (umbo la esta linalopenya utando, kisha hukatwa ndani ya seli) ya milimola 1 kwenye DMSO kavu, yaani kiyeyushi kisicho na maji, igawe kidogo kidogo, igandishe gizani. DMSO iliyonyonya maji huvunja esta, na rangi haitaingia kwenye seli. Zipakie seli rangi hiyo kwa mikromola 2 hadi 5, pamoja na Pluronic F-127 (kisaidizi cha kuyeyusha rangi) ya asilimia 0.02 kwa dakika 30 kwenye joto la kawaida la chumba. Osha, kisha subiri dakika 30 nyingine. Wengi huiruka subira hii, na hapo ndipo kazi inapoharibika: esta isiyokatwa hung'aa bila kushika kalsiamu, hivyo uwiano (mng'ao unaopatikana kwa mwanga wa nanomita 340 ukigawanywa kwa ule wa 380) unashuka kwa uongo. Ukiona vidoa vinavyong'aa badala ya mwanga uliotandazika sawasawa, rangi imeingia kwenye vioganeli, yaani vijiungo vya ndani ya seli. Punguza joto au muda.

Myeyusho wa kupimia: NaCl 140, KCl 5, CaCl2 2, MgCl2 1, glukosi 10 na HEPES (kidhibiti cha pH) 10, vyote kwa milimola, pH 7.4. Pokeza mwanga wa nanomita 340 na 380, soma kwenye 510.

Jaribio la kwanza ni KCl milimola 50 kwa sekunde 30, huku NaCl ikipunguzwa kwa kiasi hichohicho. Kalsiamu ya nyuroni yenye afya hupanda na kushuka. Seli za glia, zile zinazozisaidia nyuroni, kwa kawaida hubaki kimya. Isradipini, dawa inayoziba milango ya kalsiamu ya aina ya L, itakuonyesha mchango wa milango hiyo. (Usikimbilie kuiita tiba: ilijaribiwa kwa wagonjwa 336 wa Parkinson kwa miezi 36, na matokeo yaliyotoka 2020 hayakuonyesha kwamba inapunguza kasi ya ugonjwa.)

Kwa vipokezi vya NMDA, vinavyopitisha kalsiamu vikiguswa na glutameti (kemikali ya mawasiliano ya nyuroni), ondoa magnesi na uongeze glisini mikromola 10. Magnesi huziba tundu la kipokezi nyuroni ikiwa imetulia, kwa hiyo ukiiacha usilaumu seli kwa ukimya wake.

Sasa penye mtego. Fura-2 hushika kalsiamu kwa nguvu mno, nusu yake hujaa kwenye nanomola 200 hivi. Kalsiamu ikipita mikromola moja au mbili, uwiano karibu hausogei tena. Glutameti mikromola 100 na KCl milimola 50 zinaweza kukupa vilele vinavyofanana, wakati moja inaua na nyingine haiui. Rudia kwa rangi yenye mshiko dhaifu, kama Fura-FF, na tofauti itajitokeza.

Hata hivyo, mimi ningetazama mteremko kuliko kilele. Ondoa glutameti, endelea kupima kwa saa moja. Seli salama hurudi karibu na mstari wa mwanzo. Iliyoelemewa hushuka kidogo, hukaa, kisha hupanda tena bila kurudi, mitokondria zikiwa zimepoteza chaji yake.

Kabla ya kuamini mteremko wa polepole, rudia kwa rangi mikromola 1. Rangi ikiwa nyingi ndani ya seli hufyonza kalsiamu yenyewe, ikapunguza kilele na kuchelewesha kushuka. Mteremko ukiharakika kwa rangi kidogo, ulikuwa ukipima rangi yako. Mwishoni, katika kila sahani, weka ionomaisini (inayoipitisha kalsiamu kwenye utando) mikromola 5 upate uwiano wa juu, kisha EGTA (inayoikamata kalsiamu) bila kalsiamu upate wa chini. Vipimo vya jana haviwezi kutumika kwa sahani ya leo, taa ya hadubini ikiwa inazeeka.