Paje na watoto wiki ya Krismasi, kutokea Dodoma
Mkuu, umeuliza kama Paje, ufukwe wa mashariki ya Unguja, Zanzibar, inafaa watoto Krismasi. Inafaa, ila angalia mwezi wa angani kabla ya kulipia chumba. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida: karibu saa nne asubuhi maji yamekupwa kuelekea mwambani, mtoto anabaki na mchanga na mashamba ya mwani, hadi yajae mnamo saa kumi jioni. Kila siku muda husogea kama dakika 50. Wanaotaka kuogelea kutwa waende Nungwi au Kendwa, kaskazini ya Unguja. Kule maji hayaendi mbali. Viatu vya mpira lazima, chini kuna miiba. Treni ya SGR chukueni ya asubuhi; stesheni ya Dar haiko mbali na boti za Zanzibar. Kitambulisho usisahau.