Jenereta ya nyumbani na waya wa plagi mbili

SWALI: Mhandisi, nina jenereta ya petroli ya kVA 5, ya kuvuta kamba, hapa Tabata. Fundi anasema chenji ova, ile swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta, ni kupoteza hela. Atanitengenezea waya wenye plagi kila upande, nichomeke kwenye soketi ya jikoni, mradi nizime meni swichi kwanza. Nikubali?

JIBU: Usikubali, dada. Kila umeme unapoanza kukatika naletewa swali hili, na kila mara lina hilo "mradi uzime meni swichi". Nani atazima? Saa nane usiku, giza totoro, wewe umesafiri na anayewasha ni mdogo wako. Akisahau, umeme wa jenereta unatoka hadi nguzoni na kuingia kwenye transfoma kinyumenyume. Transfoma ileile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 sasa inapandisha, na huko juu kuna fundi wa TANESCO anayeamini laini imekufa. Umeme ukirudi wakati jenereta inanguruma, inaungua.

Na hata mkizima, plagi ikichomoka, pini zake ziko wazi zikiwa na volti 230. Mtoto akizishika, je?

Chenji ova ina mkono wenye nafasi tatu: TANESCO, sifuri, jenereta. Kwa umbo lake haiwezi kugusa pande mbili kwa pamoja, hata anayeishika awe na usingizi. Chukua inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zote mbili. Ya otomatiki, ambayo husubiri sekunde kadhaa, huwasha injini, kisha huhamisha nyumba umeme ukishatulia, inataka jenereta yenye betri na stata. Kwako ya mkono inatosha. Ila kVA 5 ni kama kilowati 4 tu, na pampu ya maji ikianza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida; usiiwashe pamoja na pasi.

Hao wanaojiita mafundi kwa sababu wanajua kufunga soketi wamenichosha. Mwombe leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajagusa waya. Akianza hadithi za uzoefu, mfungulie geti. Ndio haohao wanaoshauri jenereta ifungiwe stoo isiibiwe, wakati moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Iweke nje, mbali na madirisha, na uifunge mnyororo.