Kusoma na Kuandika Taarifa za Mabadiliko ya Vifurushi: Kwa Wanaoanza Kutunza Seva na Programu

Anayeanza kazi ya kutunza seva hufundishwa mapema amri ya kusasisha vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, lakini ni nadra afundishwe kusoma yale ambayo watunzaji wa vifurushi hivyo wamemwandikia. Kwa uzoefu wangu, huduma inapokatika baada ya sasisho, mara nyingi chanzo ni badiliko lililokwisha kutangazwa waziwazi, pengine miezi mingi kabla. Kwa hiyo jifunze kwanza mahali taarifa hizo zinapokaa, kisha, utakapoanza kutoa vifurushi vyako mwenyewe, jifunze kuziandika ili zimfikie mwenye uwezo wa kuchukua hatua angali ana muda.

Nianze na Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, ambako utaratibu huu umepangwa kwa uangalifu mkubwa. Vifurushi vyake huja na kumbukumbu ya mabadiliko inayotaja kila kilichorekebishwa, hata herufi moja iliyokosewa katika mwongozo, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo haikuhusu. Baadhi ya vifurushi vina pia faili iitwayo NEWS.Debian, iliyo ndani ya /usr/share/doc chini ya jina la kifurushi, ambamo huwekwa tu mambo yanayomlazimu mtumiaji kufanya jambo fulani: chaguo-msingi lililobadilishwa, faili ya usanidi iliyohamishwa, kipengele kilichoondolewa. Programu ya apt-listchanges hukuonyesha habari hizo baada ya vifurushi kupakuliwa na kabla havijasakinishwa, na ukiiwekea sharti la kuomba idhini, itakusubiri uamue kuendelea au kusitisha. Hakikisha ipo kwenye seva yako, kwa sababu usakinishaji wa kiwango cha chini mara nyingi huiacha. Inaweza pia kutuma habari hizo kwa barua pepe; ukichagua njia hiyo, weka anwani ambayo kweli kuna mtu anaifungua.

Mwongozo wa watunzaji wa Debian unaipendelea faili hii kuliko ujumbe unaojitokeza katikati ya usakinishaji, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo humkera mtumiaji, ilhali faili anaweza kuirudia baadaye. Unaelekeza pia kwamba habari iandikwe kwa aya kamili, bila vinyota vinavyotumika katika kumbukumbu ya mabadiliko. Nakubaliana na agizo hilo kwa dhati. Mtu anayekaribia kusasisha seva inayotegemewa na ofisi nzima anahitaji kuelezwa kilichobadilika, sababu yake na hatua ya kuchukua, na maelezo hayo hayaenei katika maneno matano.

FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, ina faili iitwayo UPDATING katika mkusanyiko wake wa bandari za programu (ports, yaani maelekezo ya kujenga na kusakinisha kila programu), na kila ingizo huanza kwa tarehe, likifuatiwa na mstari wa AFFECTS unaowataja wanaohusika, kwa mfano watumiaji wa hifadhidata fulani. Kwa mstari huo mmoja msomaji anajua kama aendelee au aruke. Amri ya pkg updating huchuja faili hiyo na kukuonyesha maingizo ya vifurushi ulivyosakinisha tu. Hata kama hutumii FreeBSD, uige mstari huo: taarifa yoyote utakayoiandika ianze kwa kumtaja anayehusika.

Kuhusu muda, mfano ninaowapa wenzangu wapya ni wa OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa usalama ukiwa mbali. Toleo la 8.2, lililotoka Februari 2020, lilitangaza kwamba saini za ssh-rsa, zinazothibitisha utambulisho kwa funguo za aina ya RSA na zinazotegemea SHA-1, mbinu ya hesabu ya zamani isiyo salama tena, zingezimwa siku za karibuni. Zikazimwa katika toleo la 8.8, Septemba 2021. Tangazo lile halikuishia kwenye onyo. Liliwaeleza watumiaji kwamba funguo za RSA zenyewe zingeendelea kufaa, kwa kuwa ufunguo uleule unaweza kutia saini kwa SHA-2, mbinu mpya zaidi, na likatoa amri ya kujipima:

ssh -oHostKeyAlgorithms=-ssh-rsa user@host

Amri hiyo huondoa saini ya zamani kwenye orodha inayokubalika, kisha hujaribu kuunganisha. Ikiwa uthibitishaji wa seva unashindikana na hakuna aina nyingine ya ufunguo inayokubalika, basi programu ya seva hiyo inahitaji kusasishwa. Msimamizi aliyeijaribu mwaka 2020 aliweza kuzitambua mashine zake zenye tatizo kwa utulivu, mchana, huku mambo yote yakifanya kazi. Ukitangaza badiliko linalovunja kitu, mpe mtumiaji kipimo cha namna hiyo. Ndicho kinachokosekana zaidi katika matangazo ninayoyasoma.

Liko pia suala la nani aambiwe. Lugha ya programu ya Python ina onyo liitwalo DeprecationWarning, la kwamba kipengele fulani kitaondolewa baadaye, ambalo kwa kawaida hufichwa, na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018 huonekana bila kuombwa iwapo tu limetokana na msimbo wa programu kuu inayoendeshwa. Uamuzi huo una mantiki: anayetumia programu iliyokamilika hawezi kurekebisha maktaba (msimbo wa wengine unaotumiwa na programu) iliyo ndani yake, kwa hiyo onyo lingemtia wasiwasi bure. Yale yanayomhusu mtumiaji wa mwisho yametengewa aina nyingine, FutureWarning. Mwandishi wa maktaba anayechanganya aina hizi mbili huwazoesha watu kupuuza zote.

Matokeo yake kwako unayeandika msimbo ni kwamba maonyo yanayohusu maktaba unazozitegemea huenda yasionekane unapoiendesha programu yako kwa kawaida. Yatafute mwenyewe: endesha majaribio yako kwa python -W error, ili kila onyo ligeuke kosa linalosimamisha kazi, na ufanye hivyo kabla ya kupandisha toleo la maktaba yoyote, siyo baada.