Maswali yenu ya gofu: namba za simuleta (mashine ya kupigia mpira ndani, mbele ya skrini) na swingi yako (jinsi unavyozungusha fimbo)

Kocha, mpira wa dreva yangu (fimbo ndefu ya kupigia mbali) unapinda kulia kila siku. Skrini inaandika njia ya fimbo −5, uso wa fimbo −1. Nianzie wapi? (Kijana wa Katuba, anapiga kwa mkono wa kulia)

Mdogo wangu, zisome hizo namba mbili pamoja. Uso ndio unaoamua zaidi mpira uanzie wapi; wako unatazama kushoto kidogo tu, hauna kosa kubwa. Lakini fimbo inapita digrii 5 kwenda kushoto, kwa hiyo uso umebaki wazi, yaani unatazama kulia, digrii 4 ukiulinganisha na njia. Hizo 4 ndizo zinazopinda mpira. Ninachoogopa ni kwamba umeanza kusimama ukielekea kushoto ili kukwepa ule mpindo. Wengi hufanya hivyo, na njia inazidi kuharibika.

Weka boksi tupu la viatu upande wa nje wa mpira, nyuma kidogo. Fimbo ikishuka kutoka nje, utaligonga. Piga mara 10 polepole ukitazama namba ya njia peke yake, mpaka ifike −2. Namba za umbali, zile mita, uzifunike hata kwa karatasi!

Na paka chaki uso wa dreva. Ukigonga kwa kisigino cha fimbo (upande wa uso ulio karibu na mpini), mpira utapinda kulia hata njia ikiwa safi, na kuna mashine zisizoliona hilo.

Papa, mbona uwanjani napiga mbali kuliko kwenye mashine? (Papa wa mtaa wa Golf)

Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mpira unaongeza asilimia 4 au 5: mita 150 za pwani hapa ni kama 157. Fungua mipangilio, uandike mwinuko wa mji. Tazama pia kama mashine inahesabu kwa yadi au mita, maana yadi 150 ni mita 137 tu. Na Julai udongo umekauka, mpira unabingirika sana.

Kasi ya mpira ukigawa kwa kasi ya fimbo napata 1.38 kwa dreva. Niongeze nguvu? (Mama wa Kamalondo)

Hapana, mama. Kwa dreva kilele ni karibu 1.50, wewe hugongi katikati. Fimbo ikienda kilomita 140 kwa saa, 1.38 inatoa mpira wa 193, na 1.48 inatoa 207, kwa nguvu ileile. Chuma namba 7 (fimbo fupi ya kichwa cha chuma) usikidai hivyo, 1.33 ni nzuri.

Vyuma vyangu ni vizuri ndani, vibaya kwenye nyasi. (Yaya wa Kampemba)

Yaya, zulia la kupigia kwenye mashine linakudanganya. Fimbo ikigusa chini kabla ya mpira, inateleza tu na namba zinabaki nzuri. Tandika taulo sentimita 10 nyuma ya mpira. Mpigo wowote unaogusa taulo, ufute kwenye hesabu yako, hata kama skrini imeusifu.