Sakafu ya Jiko Lako na Mbwa Wako Wawili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza uweke sakafu gani jikoni itakayodumu, maana lamineti, ile mbao ya kuiga, uliyoikuta humo imevimba pale penye bakuli la maji la mbwa, na fundi anakushauri uweke vigae vinavyong'aa kwa kuwa havikwaruziki. Kwenye kukwaruzika hajakosea. Ila hajamfikiria mbwa.

Tulipokarabati jiko letu ulikuwa umeshaondoka nyumbani. Nilichagua vigae kwa macho tu, vyeupe, vinang'aa kama kioo, na mbwa wetu Simba alikuwa ameshazeeka. Siku ya tatu maji yalimwagika kidogo karibu na sinki, naye akaja mbio aliposikia mfuniko wa sufuria. Miguu ya nyuma ikaachana, mmoja huku mmoja kule, tumbo likagonga chini, kucha zikawa zinakwangua kigae bila kushika kitu. Nilimnyanyua kwa kumshika kiunoni. Tangu siku hiyo akawa anasimama mlangoni ananitazama nikipika, haingii. Ikabidi nimtandikie mikeka ya mpira mpaka kwenye bakuli lake. Vigae vile mpaka leo havina hata mstari mmoja, na kila nikivipiga deki namkumbuka yeye.

Kwa hiyo weka vigae vya poseleni, ile kauri ngumu isiyonyonya maji kirahisi, lakini isiyong'aa, yenye mparuzo kidogo ukiipapasa. Poseleni halisi hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Dukani geuza kigae, dondoshea maji mgongoni: kauri ya kawaida huyafyonza ukiona, poseleni huyaacha juu. Kisha tafuta alama ya R kwenye boksi, inayoonyesha kigae kinazuia kuteleza kiasi gani. R9 huteleza zaidi, R13 ndiyo huteleza kidogo kuliko zote. Jikoni kwako R10 inatosha; ukipanda sana juu, uchafu utang'ang'ania na utachoka kusugua.

Sasa grauti, ule ujazo wa viungo kati ya vigae, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kigae hakinyonyi mkojo, ila grauti ya saruji hunyonya, na mbwa akishasikia harufu yake pale, atarudi palepale. Omba grauti ya epoksi, ya gundi ngumu badala ya saruji. Ni ghali zaidi na huganda upesi, kwa hiyo muulize fundi wako kama ameshawahi kuipaka. Chukua vigae vikubwa ili viungo viwe vichache. Gundi ikishakauka, pita ukigonga kila kigae kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu kina uwazi chini, na siku sufuria ikikidondokea kitapasuka. Mwambie akirudie kabla hujamlipa.

Mumeo anataka mbao, najua. Jikoni penye maji na kucha, mimi nakataa. Kama ni sura ya mbao anayoipenda, zipo poseleni zenye michoro yake, au vinili, ile sakafu ya plastiki, ambayo tabaka lake la juu lina milimita 0.5. Ile ya 0.3 itachakaa mapema. Vinili ni laini kwa miguu ya mbwa mzee, hilo siwezi kulikana, ila yule mdogo wako anayetafuna kila kitu akipata ukingo ulioinuka, ataumaliza. Mawe ya marumaru usiyaguse: limau, siki, hata mkojo huyala.

Na kucha uzikate. Zikirefuka mbwa hutembelea kucha badala ya nyayo, na hapo hata sakafu nzuri itamwangusha.

Kabla hujalipa, omba vigae viwili vya sampuli. Viweke mbele ya bakuli, vilowanishe, umwite yule mkubwa. Akipita bila kunyata, nunua, na uongeze boksi moja la akiba lenye namba ileile ya toleo, maana rangi hutofautiana. Niandikie alivyopita.

Mama yako